Shaba Ipo, Ngozi Yake Ndiyo Adimu

Mwaka 2019, mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, msanii Jean Katambayi Mukendi na wenzake walitengeneza gari la Tesla kwa nyaya za shaba. Halikuwa la kuendeshwa. Lilikuwa umbo tupu lenye ukubwa wa gari halisi, lililofumwa kwa mtindo ule ule wa vigari vya nyaya ambavyo watoto husukuma mitaani. Kazi hiyo, Tesla Crash, ilizaliwa ndani ya On-Trade-Off, mradi wa wasanii wa Kongo na Ulaya waliofuatilia safari ya lithiamu ya mji wa Manono kutoka ardhini hadi kwenye betri. Katambayi, aliyezaliwa mwaka 1974, alisomea ufundi umeme kabla ya kujulikana kwa mashine zake za maboksi na nyaya, na bado anaishi katika mji uliomlea.

Jina lililobandikwa kwenye gari hilo ni la Nikola Tesla, mhandisi mzaliwa wa Smiljan katika Kroatia ya leo. Tarehe 23 Juni 1891 alipewa hataza nchini Marekani ya mfumo wa taa uliotumia koili na cheche kupandisha volti hadi viwango vya juu sana. Leo koili ya Tesla haina kazi kubwa viwandani. Imebaki kwa walimu wa fizikia, majumba ya makumbusho na watu wanaojifurahisha kwa kutengeneza radi ndogo karakanani. Watu hao, wawe Ulaya, Marekani au Asia, wana desturi moja: vingi wanavyotumia ni vya kuokoteza. Bomba la maji linashika waya, chupa za bia zinatunza chaji, mrija wa friji unakuwa koili ya kwanza, transfoma ya kifaa kilichokufa inaleta nguvu.

Je, vya kuokoteza vinatosha? Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga lilianza kuiyeyusha. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya madini bado vinaonekana karibu kila unaposimama. Kukarabati kilichoharibika na kutengeneza kisichopatikana ni shughuli ya kila siku huko. Mpita njia atasema upesi kwamba mtu aliyekaa juu ya shaba hawezi kukosa koili, lakini hesabu inakataa. Katika koili ya volti nyingi, shaba ndiyo sehemu rahisi. Kinachoamua kama itatoa cheche au itaungua ni kihami, yaani kile kinachouzuia umeme usipite pasipotakiwa: vanishi, kioo, mafuta, nta, hewa yenyewe.

Kwanza, kifaa kinavyofanya kazi. Transfoma ya volti elfu kadhaa inaijaza kapasita. Kapasita ikijaa, umeme unaruka pengo dogo kati ya vyuma viwili, na kwa muda mfupi sana chaji yote inakwenda na kurudi ndani ya koili ya kwanza, ambayo ina mizunguko michache ya waya mnene. Katikati yake imesimama koili ya pili yenye mizunguko elfu moja hivi ya waya mwembamba. Mitetemo ya koili hizo mbili ikilinganishwa, nguvu inahamia kwenye koili ya pili kidogo kidogo hadi juu yake, kwenye kichwa cha bati au alumini, volti zinafika laki moja na zaidi. Hapo hewa inapasuka na cheche inatoka.

Mfano wa kawaida wa koili ya pili ni bomba la plastiki la milimita 110, lile la majitaka, lililozungushiwa waya wa unene wa nusu milimita mara 1,000. Waya huo una urefu wa mita 345 hivi, na shaba iliyomo ina uzito wa gramu 600. Kwa bei za soko la dunia za miaka ya karibuni, shaba hiyo haifiki dola 10. Ikisukwa vizuri, koili inapanda sentimita 55 hivi na, ikivishwa kichwa cha kiasi, itatetema karibu mara 250,000 kwa sekunde. Kongo, nchi ambayo mwaka 2023 ilichimba takribani tani milioni 2.8 za shaba, haiwezi kushindwa na gramu 600.

Ila gramu hizo haziuzwi zikiwa waya. Sehemu kubwa ya shaba ya Katanga, eneo ulipo mji wa Lubumbashi, inaondoka kama mabamba yaliyosafishwa, juu ya malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa kuelekea bandari za Dar es Salaam, Durban, Beira na Walvis Bay. Waya wa kusukia mota unarudi kwa barabara hizo hizo, ukiwa umevutwa na kupakwa vanishi mbali. Hata kwa majirani tofauti inaonekana: upande wa Zambia, mjini Luanshya, kiwanda cha Zamefa kimekuwa kikitengeneza nyaya na kebo za shaba tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kutoka Luanshya hadi Lubumbashi ni mwendo wa siku moja kwa gari.

Kuvuta waya si ujuzi mgeni Katanga. Wayeke, waliofika na Msiri kutoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, na kuweka makao yao Bunkeya, walisifika karne ya 19 kwa kuvuta shaba hadi ikawa uzi, kisha wakauzungusha uzi huo, mzunguko kando ya mzunguko, juu ya kiini cha nyuzi au nywele na kupata bangili. Mtu akiitazama bangili ya namna hiyo leo, ataona koili. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, miezi sita baada ya hataza ya Tesla. Mafundi wake walikuwa na waya na walikuwa na mkono wa kuusuka. Kitu ambacho hawakukihitaji, kwa kuwa bangili haipitishi umeme, ni ngozi ya kutenganisha mzunguko mmoja na mwingine.

Ngozi hiyo, vanishi, ni nyembamba mno. Kwenye waya wa nusu milimita unene wake ni kama sehemu tatu za mia za milimita. Bado, ikiwa nzima, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zinaweza kuhimili volti elfu kadhaa kati yao. Koili ya mfano wetu ikifikisha volti 250,000, kila mzunguko unatofautiana na jirani yake kwa volti 250 hivi, na vanishi inazimudu bila jasho. Hatari inaingia waya unapovukana. Mzunguko wa 300 ukiteleza na kuulalia wa 280, tofauti inakuwa volti 5,000, na hapo hapo cheche inatoboa. Shimo la kwanza linageuka kaboni, kaboni inapitisha umeme, na koili iliyochukua siku nzima kusukwa imekwisha.

Sasa tuingie karakana za bobinaji, kama wanavyoziita Lubumbashi, ambako mota, pampu na jenereta zilizoungua husukwa upya. Kazi haikosekani. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika na kurudi kwa kishindo, au ukishuka chini ya volti 220 kwa saa nyingi, mota ya friji au ya pampu inapata joto kupita kiasi na vanishi yake inachoka. Wahandisi wana kanuni ya zamani, iliyotokana na kazi ya Montsinger mwaka 1930 juu ya transfoma: joto likipanda nyuzi kama 10 juu ya kiwango kilichokusudiwa, maisha ya vihami yanapungua nusu. Fundi wa bobinaji haihitaji karatasi ya Montsinger. Ananusa tu.

Anafungua mota, anahesabu mizunguko ya kila koili, anapima unene wa waya kwa mikromita, anaandika kwenye daftari au ukutani, kisha anaung'oa waya wa zamani. Ndio mwanzo wa mgogoro kati ya fundi na mpenda koili anayekuja kuomba mabaki. Njia rahisi ya kuung'oa ni kuchoma: moto unakula vanishi na karatasi, shaba inatoka laini na kuvutika. Kwa mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, huo ni waya bora, shaba tupu inayolipwa kwa kilo. Kwa msuka koili haufai kitu. Moto umekula kilichokuwa na thamani na kuacha kile ambacho Katanga inacho tele. Moto huo unadhuru mengine pia. Plastiki na vanishi zikichomwa uwanjani hutoa moshi wenye sumu, zikiwemo dayoksini, na chuma cha mota kikipashwa bila kipimo hupoteza kihami kati ya bati zake, kwa hiyo mota iliyosukwa upya inakula umeme zaidi kuliko ilipokuwa mpya.

Waya unaofaa kuokolewa ni ule uliofunguliwa kwa mkono, bila moto, kutoka kifaa kilichokufa kwa sababu nyingine: transfoma ya stabilaiza iliyopasuka swichi, mota ya feni iliyokwama beringi, koili ya kufuta sumaku iliyozunguka kioo cha televisheni ya zamani. Hata hapo kuna kodi ya kulipa. Waya uliokunjwa na kukunjuliwa unakakamaa. Ukivutwa unazidi kuwa mwembamba, vanishi inapata nyufa ambazo jicho halioni, na kwa kuwa vifaa vidogo havitoi mita 345 za mfululizo, lazima kuunga. Kila kiungo ni uvimbe, na kila uvimbe unaisogeza mizunguko ya jirani. Wenye uzoefu husema afadhali koili fupi ya waya mmoja mzima kuliko ndefu yenye viungo saba, na kwa upande wa fizikia hawajakosea.

Historia inawatetea waokotezaji kuliko wanavyofikiri. Tarehe 29 Agosti 1831, Michael Faraday alipogundua mjini London kwamba koili moja inaweza kuamsha umeme katika nyingine, hakukuwa na duka la waya wenye kihami. Aliutenganisha waya wake kwa kamba na vipande vya kaliko, kitambaa cha pamba. Padri Nicholas Callan, mwalimu wa chuo cha Maynooth nchini Ireland, alitengeneza koili yake ya kwanza ya kupandisha volti mwaka 1836. Katika ile kubwa kuliko zote, ya miaka ya 1860, alitumia zaidi ya kilomita 40 za waya mwembamba wa chuma, wala si shaba, akauhami kwa mchanganyiko wa ulimbo na nta ya nyuki. Ilitoa cheche zinazokaribia sentimita 40. Padri huyo aliiacha shaba, akashinda kwa nta.

Mfano wa Callan unastahili kusomwa Katanga kuliko wa Tesla. Misitu ya miombo inayouzunguka mji ina mizinga, na asali yake huuzwa barabarani kwenye chupa, na penye asali pana nta. Nta safi ni kihami kizuri, ina kasoro moja tu kubwa: inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo haifai ndani ya mota. Koili ya maonyesho, inayowashwa kwa sekunde chache na kuzimwa, haifiki joto hilo ikiwa imesukwa vizuri. Koti la nta lililomiminwa taratibu juu ya mizunguko linafanya kazi ambayo vanishi ya dukani ingefanya, ilimradi lisiwe na vipovu. Kipovu cha hewa ndani ya kihami ndicho adui mkuu. Hewa ni dhaifu kuliko nta inayoizunguka na bado inabeba mkazo mkubwa zaidi, hivyo inapasuka kwanza na kuanza kutafuna kutoka ndani. Viwanda huondoa vipovu kwa pampu ya ombwe. Karakana ya mtaani Kampemba, Lubumbashi, itatumia subira na sufuria ya maji ya moto.

Kuna jambo katika historia ya vihami ambalo ni rahisi kulisahau shaba ya Kongo inapotajwa. Eneo hili la dunia halikuuza metali peke yake. Sandarusi ya pwani ya Waswahili ilisafirishwa karne ya 19 kutoka Zanzibar hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi, na baadaye sandarusi ya Kongo ikaingia soko hilo hilo. Mpira uliotolewa kwa damu chini ya Leopold, kati ya 1885 na 1908, ulikwenda kwenye matairi, na mwingine ukaenda kufunika nyaya za umeme. Kwa miongo kadhaa, basi, Afrika ya kati na mashariki ilitoa shaba na ngozi yake, kila kimoja kwenye meli yake, vikakutanishwa viwandani Ulaya na Marekani. Kemia ya mafuta ya petroli ilipozaa vanishi za maabara, nusu ya pili ya mchango huo ilisahaulika.

Turudi kwenye kapasita, ambako uokotezaji unapata ushindi wake wa kuchekesha zaidi. Tesla mwenyewe, alipokuwa Colorado Springs mwaka 1899, alitumia chupa za maji ya madini alizozijaza maji ya chumvi. Maji ya ndani ni bamba moja, maji au karatasi ya alumini ya nje ni bamba la pili, kioo ni kihami. Ni ndugu wa chupa ya Leyden iliyogunduliwa mwaka 1745 na 1746. Lubumbashi haikosi chupa nene: Brasimba inajaza Simba na Tembo mjini hapo hapo, na kreti ya chupa 12 ni kipimo ambacho kila mtu anakijua. Chupa moja kubwa inatoa kama nanofaradi moja, mara nyingi pungufu kidogo. Transfoma ya taa za neoni ya volti 9,000 na miliampea 30, kwenye umeme wa mizunguko 50, inahitaji kama nanofaradi 10. Kreti moja, basi, pamoja na chumvi, na mafuta kidogo ya kula juu ya maji ili cheche zisitambae shingoni mwa chupa.

Njia ya pili ni kukusanya kapasita ndogo za plastiki ya polipropilini, zile za volti 1,600 zilizo karibu na transfoma ya volti kubwa ndani ya televisheni za kioo cha zamani. Ni bora kuliko chupa kwa kila kipimo: kioo hupoteza nguvu nyingi kama joto, polipropilini haipotezi karibu chochote. Lakini fanya hesabu. Kumi zenye nanofaradi 10 kila moja zikiunganishwa mfululizo zinahimili volti 16,000 na kutoa nanofaradi moja tu. Ili kuifikia kreti ya Simba zinahitajika 100, yaani hadi televisheni 100. Kwa anayekaa karibu na dampo la vifaa vya kielektroniki si ndoto. Kwa wengine, kreti inashinda, na amana yake inarudishwa mchezo ukiisha.

Sehemu zilizobaki hazina uzito. Mrija wa shaba wa robo inchi kwa mafundi wa friji ni koili ya kwanza tayari. Kichwa cha juu ni masufuria mawili ya alumini yaliyogeuziana, au mpira wa kuogelea uliofunikwa karatasi ya alumini ya jikoni. Pengo la cheche ni boliti mbili na feni ya kuzipoza. Bomba la plastiki likaushwe juani na kupakwa vanishi kabla ya kusukiwa, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, unaingia kwenye vumbi la uso wake na kulifanya lipitishe umeme.

Hali ya mahali ina neno lake pia. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Friedrich Paschen wa Ujerumani alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika kupasua hewa inategemea msongo wake na upana wa pengo. Hewa ya pwani inapasuka kwa volti kama 3,000 kwa kila milimita, na ya Lubumbashi kwa kama 2,600. Mpenda cheche atafurahi, maana zitarefuka bure. Ila kila nafasi ya usalama aliyoinakili kutoka kitabu cha Ulaya ni fupi kuliko inavyosema. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme mkubwa vimeandikwa kwa ajili ya mahali pasipozidi mita 1,000, na juu ya hapo nafasi huongezwa. Ardhini nako, udongo mwekundu uliokauka tangu Mei hadi Oktoba hupitisha umeme vibaya. Mafundi huzika fito zao ndani ya makaa na chumvi, wanamwagia maji, na wanafanya vyema, lakini waya wa ardhini wa koili uwe na fito yake peke yake, mbali na ya nyumba.

Kwenye chanzo cha nguvu uokotezaji unapaswa kusimama na kufikiri. Koili ya kuwashia plagi ya gari, inayong'olewa kwenye Toyota iliyokufa, hutoa volti 20,000 au zaidi kwa nguvu ndogo na betri ya volti 12. Hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi, ingawa nayo si ya kushikwashikwa. Transfoma ya neoni ina sumaku iliyoundwa kuuzuia umeme usizidi miliampea 30, na miliampea 30 ndicho kiwango ambacho swichi za kulinda uhai huwekwa kukata, kwa hiyo hata huo si mchezo. Transfoma ya jiko la maikrowevu ndiyo inayopatikana kwa urahisi na ndiyo inayoua: volti 2,000 hivi kwa nusu ampea, bila kizuizi cha kutosha. Nchini Marekani, watu waliotumia transfoma hizo kuchoma michoro ya radi juu ya mbao wamekufa kwa makumi, na chama cha American Association of Woodturners kikaamua kuupiga marufuku mchezo huo katika shughuli zake. Wanaosema kwamba umeme wa koili ya Tesla hautambuliwi na neva na kwa hiyo ni salama wanasahau kwamba mkono ukigusa upande wa transfoma, au kapasita ambayo haijatolewa chaji, hakuna mitetemo ya juu ya kuokoa mtu.

Mafuta ya transfoma ni mtego mwingine. Ni kihami kizuri na yanavutia anayetaka kuzamisha koili yake. Vifaa vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 vinaweza kuwa na PCB, kemikali zenye sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulitaka vifaa vyenye nazo viondolewe kazini ifikapo 2025. Kwa macho mafuta hayo hayatofautishiki na mafuta safi. Nchini Kenya, miaka ya 2010, wezi walikuwa wakizifyonza transfoma za barabarani na mafuta yakaishia kukaangia chakula, na kila transfoma iliyokauka iliungua na kuuacha mtaa gizani. Mpenda koili asinunue mafuta ambayo muuzaji hawezi kueleza yalikotoka. Mafuta ya kula yanatosha kwa majaribio mafupi.

Wizi wa namna hiyo Katanga inaujua vizuri. Mstari wa Inga hadi Kolwezi, uliowashwa mwaka 1982, una urefu wa kilomita 1,700 na unabeba umeme wa mkondo mmoja wa volti 500,000 juu na chini ya sifuri ili kulisha migodi ya kusini. Vyuma vya minara yake vimeng'olewa mara nyingi, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo havina taa, kwa kuwa kuchota umeme wa aina hiyo njiani kunahitaji kituo cha kubadilisha ambacho bei yake haina uhusiano na kijiji. Metali iko juu ya vichwa vyao. Vifaa vya kuutenganisha, kuugeuza na kuushusha umeme ndivyo visivyofika.

Nani, basi, angeifanya kazi hii ya koili Lubumbashi kwa faida? Watawa Wasalesiani wana shule za ufundi hapo, Institut Technique Salama na Cité des Jeunes, na chuo kikuu kina kitivo chake cha Polytechnique. Wasanii wametangulia kwa namna yao: Marjolijn Dijkman, Mholanzi aliyeshiriki On-Trade-Off, alipiga picha za umeme wa volti nyingi ukitambaa juu ya madini katika kazi aliyoiita Earthing Discharge. Nje ya Kongo, Malawi iliipa dunia William Kamkwamba wa Kasungu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakuishia kwenye kinu chake cha upepo cha kuzalisha umeme. Alisuka koili juu ya misumari, akaweka sumaku ya spika kati yake, akapata swichi ya kukata umeme unapozidi kiasi. Koili ya namna hiyo ina matumizi jioni ile ile.

Koili ya radi haina. Tena ina kelele, inaharibu redio za jirani, na huko ambako watu wengi wanaamini radi inaweza kutumwa na mtu kwa mtu, kijana anayeitengeneza uani usiku anajitafutia maneno. Katika mashariki ya nchi radi si hadithi: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, Kivu Kusini, ya pili duniani kwa wingi wa radi, zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Jaribio lifanyike mchana, darasani, mwalimu akiwepo, majirani wakialikwa.

Na kabla ya radi yoyote, mwalimu anaweza kuanza na jaribio la volti 12. Waya uliookolewa unazungushwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, ncha zake mbili zikiwa nje na kavu. Ncha moja inaunganishwa na upande hasi wa betri, kipande cha chuma ndani ya ndoo na upande chanya, mita katikati. Vanishi ikiwa nzima, mita haisogei. Ikiwa na matundu, mita inapanda na kila tundu linatoa vipovu vya hidrojeni, hivyo wanafunzi wanaweza kuyahesabu kwa kidole. Yakiwa machache, panawekwa alama, panasuuzwa na kukaushwa, panapakwa vanishi upya na kupimwa tena. Yakiwa mengi, waya unarudi kwa mnunuzi wa mitraye, ambaye ataupima kwa kilo bila kuuliza habari za ngozi yake.